Kadi ya Pili ya Halimah Marjan

Tangu Halimah Marjan aanze kutumia kamera yake mpya, hakuna mtu aliyemsifu yeye. Waliisifu kamera. Bwana harusi mmoja wa Ntinda, mjini Kampala, alizitazama picha zake, akapiga mluzi, akasema, "Kamera hii ni hatari." Mama mmoja wa Luzira alimshika mkono kwa upendo wa kweli, akamwambia, "Hata mimi, mwanangu, ningekuwa na hiyo, ningepiga hivyo hivyo." Halimah alitabasamu, maana nusu ya kazi ya mpiga picha ni kutabasamu, kisha akashuka ngazi ameuma meno. Hakuna mtu alaye pilau akaisifu sufuria, alijiambia. Mbona yeye tu ndiye aliyepikia watu chakula wakakishukuru chombo?

Hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Baba yake, mzee Marjan, alikuwa mmoja wa watu wa gati la Port Bell waliofunga mabehewa ya treni kwa minyororo ndani ya feri, na kwa mikono hiyo alimsomesha binti yake mpaka chuo kikuu, akitarajia kupata mwalimu wa historia. Mwalimu alimpata, ila hakudumu naye. Halimah aliiacha chaki akashika kamera, na alipokwenda kumweleza baba yake, mzee hakufoka kama alivyotazamia. Alisema, "Babu yangu aliingia nchi hii amebeba bunduki ya wakubwa. Mimi nimefunga mabehewa ya wakubwa. Wewe angalau chombo ni chako." Halimah aliyashika maneno hayo kama watu wengine washikavyo hirizi. Katika miaka ya karibuni alikuwa ameanza kuyatilia shaka.

Wapiga picha wa harusi Kampala ni wengi kuliko maharusi. Kilichomweka Halimah mjini muda wote huo kilikuwa ni chumba kimoja. Kwa Wanubi, watu wa kwao, wazao wa askari walioletwa zamani kutoka Sudan, kabla ya ndoa, wanawake hujifungia na bibi harusi alasiri nzima: ubani unafuka, hina inakauka miguuni, ngoma ya doluka inapigwa, na wake za watu, ambao barabarani utawaona wamejifunika mpaka vidole, huvua vitambaa wakacheza kwa sketi zao za gurbaba zilizodariziwa kwa mkono. Mwanamume hapiti hata kwenye dirisha. Simu zote huachwa mlangoni ndani ya ungo. Kamera iliyoruhusiwa kuingia ilikuwa moja, ya binti Marjan, na iliruhusiwa kwa sharti ambalo hapakuwa na aliyekumbuka nani aliliweka. Waliliita kidole.

Kidole kilikuwa hivi. Ngoma ikipoa, Halimah alikaa mkekani na kamera mapajani, wanawake wakamzunguka, na kila mmoja akatazama picha zake. Asiyoitaka aliifuta mwenyewe, kwa kidole chake. Halimah hakukigusa kitufe. Aliishika kamera tu, kama anayeshika bakuli mwenzake anawe. Kidole kilipokwisha pita, picha zilizobaki zilikuwa halali kuonwa na yeyote, na hakuna aliyewahi kuja kulalamika. Kamera yake ya zamani ilimsaidia katika hilo. Ilikuwa na kioo ndani ambacho kiliruka kila ilipopiga, kikalia *kacha*, kama mtu anayevunja karanga sikioni mwako. Wanawake waliujua mlio ule. Ukilia upande wako, unajua umechukuliwa.

Kisha soko likageuka. Wateja wakaanza kuuliza swali moja kabla ya kuuliza jina: "Una mirolesi?" Ndivyo mji ulivyoziita kamera za kisasa zisizo na kioo ndani. Vijana waliokuwa nazo hawakujua kumsimamisha bibi mahali penye mwanga, lakini kazi walipewa wao. Halimah alivumilia mpaka akachoka kuvumilia, akauza kiwanja cha Bombo alichoachiwa na baba yake, akanunua ile ya juu kabisa, na lenzi zake, na mkoba wake.

Na ilikuwa nzuri. Hapo ndipo hasira yake ilipokosa pa kukaa. Ilikuwa nyepesi, bega lake la kulia likapona maumivu aliyoyadhani ni ya uzee. Iliona gizani kama paka. Ilijua jicho la mtu lilipo. Ukiielekeza kwenye kundi linalocheza, ilichagua jicho ikaling'ang'ania mpaka mwenyewe atakapogeuka. Nayo ilikuwa kimya. Kwenye nikaha, shehe akisoma, Halimah alipiga picha mbele ya uso wake bila kumkatiza pumzi.

Lakini alipochungulia kwenye tundu lake hakuuona tena ulimwengu, aliona televisheni ndogo ya ulimwengu. Betri zilikwisha kama vibiriti, na umeme ukikatika mchana kutwa aliranda na chaja kutoka saluni hadi saluni. Juu ya boda alikumbatia mkoba kama mtoto mgonjwa. Kitufe kimoja kilipolegea aliambiwa aipeleke Nairobi. Na kabla hajaizoea, mteja mmoja alimwuliza kwa huruma, "Ile mpya zaidi bado hujaipata?" Alikuwa na chombo, ndiyo. Siku nyingine alijiuliza ni nani kati yao aliyemmiliki mwenzake.

Mtu pekee aliyemweleza hayo alikuwa Ocaya, mshirika wake, mtoto wa polisi aliyekulia kwenye kambi ya Naguru, jirani na nyumba ya kina Marjan, na ambaye mpaka leo huwaita afande watu anaowapenda. Ocaya alikuwa na chumba cha kazi Kansanga, juu ya baa, na humo alizipanga picha za Halimah kwenye kompyuta, akatengeneza albamu na yale maonyesho yanayorushwa ukutani wakati wa karamu.

"Afande, wewe umeolewa na tajiri halafu unalia," alimwambia. "Mimi mke wangu angekuwa anaona gizani ningeshukuru."

"Mkeo anaona gizani. Ndiyo maana unarudi mapema."

Ocaya alicheka mpaka akashika meza. Ndiye pia aliyeipanga kamera ile ilipokuja. Mwaka uliotangulia kadi moja ya kuhifadhia picha ilikufa na harusi nzima ya bwana Wamalwa ndani yake, na Wamalwa aliwatukana wote wawili mbele ya mashemeji. Kamera mpya ilikuwa na nafasi ya kadi mbili. Ocaya aliiweka ili kila picha iandikwe mara mbili, moja juu, moja chini. Kadi ya kwanza ikawa ya Halimah, ya pili ikawa ya Ocaya: Halimah alimpa mara tu shughuli ya wanawake ilipokwisha, ili aanze kupanga maonyesho wakati yeye anaendelea na nikaha. "Sasa harusi haipotei tena," alisema Ocaya. "Haipotei tena," alisema Halimah.

Harusi ya Hasifa ilikuwa ya nyumba kubwa. Baba yake, Nasur, aliuza vipuri vya malori, na nyumba yake ya Kansanga ilijaa wageni tangu asubuhi. Lakini macho ya wanawake siku hiyo yalikuwa kwa Lailah, dada yake Nasur, fundi aliyeshona nusu ya gurbaba zilizokuwamo chumbani. Lailah alikuwa ameugua. Alitibiwa hospitali ya Mulago kwa dawa ambayo iliufukuza ugonjwa ikaondoka na nywele zake zote, hata nyusi. Alirudi kazini, akashona, akacheka kama zamani. Kichwa chake hakuna aliyekiona. Watu walisema alilala na kitambaa.

Alasiri hiyo ngoma ilipochemka, wanawake walianza kuimba jina lake. Walilizungusha, wakalirudia, wakalivuta kama wavutao mtu mkono. Lailah aliketi, akatikisa kichwa kukataa. Kisha akasimama. Alifungua kitambaa chake taratibu, kama anayefungua zawadi ya mtu mwingine, akamtupia Hasifa mapajani, akaingia katikati na kichwa chake kitupu, akacheza. Chumba kililipuka kwa vigelegele. Wengine walilia. Jua la dirisha dogo liliukata moshi wa ubani likamfikia utosini, na kamera ya Halimah ililipata jicho lake, ikalishika, haikuliachia. Hakuna kilicholia. Lailah hakujua.

Alijua walipoketi mkekani.

"Hii hapana," alisema.

"Dada Lailah, hii ndiyo picha ya leo."

"Naona. Mimi si kipofu, nimenyonyoka tu."

Wanawake walicheka. Halimah hakucheka. "Iache iwe yako. Nitakuletea wewe mkononi."

"Kitu kikishakuwepo kinaonekana, bint Marjan. Nimewapa hawa humu ndani. Huko nje sijampa mtu." Alinyoosha mkono. "Na mbona sikuisikia? Ile yako ya zamani ilikuwa ikikohoa."

"Hii haikohoi."

"Basi ni mwizi. Nionyeshe kitufe."

Halimah alimwonyesha. Lailah alibonyeza; kamera ikauliza kama ana hakika; akabonyeza tena kwa nguvu, kama anayeua kupe. Picha ikaondoka. "Umeizika bila sanda," alisema mwanamke mmoja, wakacheka tena, na chai ikaletwa.

Halimah alikunywa chai yake. Miaka ya nyuma, picha kama ile ilipofutwa, alikuwa akitembea nayo juma zima kama mwiba, akiwanunia watoto na jirani. Safari hii aliomba sukari. Baadaye alipofika langoni, Ocaya alikuwa akimngoja kando ya pikipiki yake. Alimpa kadi ya pili.

"Za wanawake hizo. Zote zimepita kwenye kidole."

"Sawa, afande."

Karamu ilifanyika jioni katika ukumbi wa kukodi, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, na kwenye ukuta wa mbele projekta ikamwaga picha moja baada ya nyingine. Hasifa na hina. Hasifa na mama yake. Mikono ya wapiga ngoma. Wageni waligeuza viti. Kisha ukuta mzima ukawa kichwa cha Lailah.

Kilikuwa kikubwa kuliko mlango. Moshi, jua, utosi unaong'aa, jicho moja limefumbwa kwa furaha na jingine limekutazama kana kwamba linakujua. Halimah, akiwa amesimama kando ya jukwaa na kamera shingoni, kwanza kabisa aliona kwamba ile ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani. Hilo ndilo alilojichukia kwalo baadaye. Kabla ya kumwonea Lailah huruma, kabla ya kuogopa, alijivunia.

Nasur alikuwa na kipaza sauti mkononi kwa ajili ya hotuba. Alikuwa amejawa na furaha ya baba wa bibi harusi, furaha isiyochungulia inapokanyaga. "Mnaona kamera hiyo?" alisema. "Walahi, hata ugonjwa imeupendezesha."

Wanaume wakapiga makofi. Upande wa wanawake kiti kilisogezwa. Lailah alisimama, akavuta ushungi wake mpaka kwenye paji la uso, ingawa ulikuwa umefika hapo tayari, akapita katikati ya meza bila haraka, akatoka. Hakumtazama Halimah. Wengine wote walimtazama. Wanawake wa mkekani, wale waliokiona kidole kikibonyeza, walimgeukia mmoja mmoja kama watu wanaohesabu vyombo baada ya mgeni kuondoka.

Asubuhi iliyofuata Halimah alipanda ngazi za Kansanga kabla baa ya chini haijafagiliwa. Ocaya alikuwa amekwisha sikia.

"Nani alikupa picha ile?"

"Wewe. Kwa mkono wako, langoni."

"Ilifutwa. Niliiona ikifutwa. Watu wote waliiona."

Ocaya aliichukua kamera, akapiga picha ya kikombe chake cha chai, akaifuta. Kisha akageuza ukurasa mwingine kwenye kioo cha nyuma, na kikombe kikawepo. "Kidole kimepita kadi ya kwanza, afande. Ya pili haina habari. Unachofuta huku, kule kinabaki. Ndiyo maana yenyewe ya akiba. Harusi zilizopita walizofuta zilikuwa za macho yaliyofumba, nami naziacha mwenyewe, hivyo haikuonekana. Nilikuonyesha siku ile, hapa hapa, ukasema haipotei tena."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini? Umeniambia zote ni halali."

"Mwanamke wa Kinubi, kichwa wazi, wewe unaweka ukutani? Umekulia na sisi Naguru, umekula kwetu Idi zote, hujui?"

"Nilijua," alisema Ocaya polepole. "Nikajiuliza. Halafu nikasema, Halimah hakosei mambo ya chumba kile. Kama mama huyu ameruhusu, basi ni ushujaa wake, na watu wauone. Nikaiweka katikati, mahali pa heshima." Aliirudisha kamera mezani. "Ungekuwa unachagua wewe, ungeiacha?"

Halimah alimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwenzake wa miaka yote hiyo, mengine ya kabila lake, mengine ya elimu yake. Ocaya aliyapokea akitazama dirishani. Halimah alipomaliza, yeye alisema tu, "Kadi hii hapa. Kwenye kompyuta nimeshaondoa, na kwenye akiba ya kompyuta pia. Nimekagua. Nyingine haipo." Akamwekea kiganjani, akamfumba vidole.

Halimah alishuka. Boda walimwita, hakuwaitikia. Akaenda kwa miguu kuelekea mjini akitunga hotuba yake kwa Lailah. Dada, kamera hizi mpya zina kadi mbili. Dada, ni kosa la mashine, hata wataalamu linawapata. Dada, Ocaya hakuniambia vizuri. Aliipanga, akaipangua, na kila alipoipanga iliingia mahali pake vizuri mno, kama uongo uliokwisha tumiwa na watu wengi. Karibu na kituo cha mafuta alisimama ghafla, mtu aliyekuwa nyuma yake akamgonga na beseni la mapera.

Mwaka mzima alikuwa amekasirika kwa kuwa watu waliipa kamera sifa zake. Na sasa yeye mwenyewe alikuwa akienda kuipa kamera aibu yake.

Akaikumbuka sukari. Mtu aliyepotelewa na picha ya maisha yake haombi sukari. Je, alikuwa amesahau? Angeweza kuapa kwamba alisahau. Kichwani mwake hapakuwa na sentensi yoyote iliyosema *iko kwenye ya pili*. Lakini mkono wake ulikuwa mtulivu, na mkono huo ndio uliokuwa umeipa kamera ya zamani picha nzuri zote bila kumwuliza yeye. Alisomea historia, alifundishwa kumshuku kila shahidi mwenye faida katika ushahidi wake. Hakuwahi kufundishwa la kufanya shahidi akiwa ni mmoja na mshtakiwa.

Lailah aliishi kwenye mteremko wa Mulago, chumba kimoja na baraza, mahali alipohamia wakati wa matibabu ili asitembee mbali. Cherehani ilikuwa ikienda. Haikusimama Halimah alipobisha.

"Mlango haujafungwa," alisema Lailah. "Siku hizi kwangu hakuna kinachofungwa."

Halimah alikaa kwenye kibao, akamwachia mwenyeji amalize mshono. Lailah alimaliza, akaanza mwingine.

"Nasur amenipigia simu asubuhi," alisema, macho kwenye kitambaa. "Anasema nimemharibia karamu kwa kununa. Anasema picha ni nzuri. Shehe pia amesema ni nzuri. Muuza mkaa wangu, ambaye hakualikwa, ameshaambiwa kwamba ni nzuri. Sasa wewe umekuja kuniambia ni nzuri?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Picha ilibaki. Kamera ina kadi mbili. Uliyofuta ni moja."

Cherehani ikasimama. Lailah alikitazama kidole chake cha shahada, kile chenye alama za sindano, kana kwamba ndicho kilichomdanganya. "Kwa hiyo nilikuwa nabonyeza nini?"

Halimah alikusanya mikono yake mapajani.

"Niambie, bint Marjan, wewe umesoma. Nilikuwa nabonyeza nini, na wote wale wananitazama, na wewe umenishikia? Kengele ya mlango wa nani?" Sauti yake haikupanda. "Hospitali walinivua nguo mbele ya wanafunzi, na hawakuniuliza, na nikasema haya, ni ugonjwa. Wewe uliniuliza. Ulinipa kitufe."

"Ndiyo."

"Ulijua iko mahali pengine?"

Hotuba ilikuwapo, imekamilika, tayari mdomoni. Nje mtu alikuwa akimwaga maji. Halimah alitazama sakafu na kusema, "Nilitaka kukuambia kwamba nilisahau. Nimeisema njia nzima. Lakini nilipokuwa nakunywa chai pale mkekani sikuumia, na picha kama ile ikifutwa huwa naumia. Nafikiri nilijua. Sikujua kwa maneno. Nilijua."

Hasira ya Lailah ikaja yote, na Halimah alishangaa jinsi ilivyokuwa nzito kuliko ya mwanzo.

"Kwa nini hukusema ulisahau? Mjinga wewe. Kusahau ningekusamehe. Mtu husahau, mimi nasahau, dawa zimenila kichwa, nasahau hata chumvi. Ungesema umesahau ningekufokea, tungelia, ningekupa chai, yangekwisha. Sasa hiki ulichoniletea nikiweke wapi? Kwenye shelfu?" Alisukuma gurbaba iliyokuwa kwenye cherehani ikaanguka sakafuni. "Mnakuja kwa watu na ukweli wenu kama mnarudisha sahani. Umejisafisha wewe. Mimi nimebaki na uchafu."

Halimah alitoa kadi mkobani akaiweka kwenye ukingo wa cherehani. Ilikuwa ndogo kuliko kasha la kibiriti. "Hakuna nyingine. Ni hiyo tu."

"Nikuamini?"

"Huna sababu."

"Sina." Lailah aliichukua, akaigeuza. Halimah alingoja aivunje. Alitaka aivunje, na sehemu yake moja, sehemu ile ile, iliomba asiivunje. Lailah aliiona sehemu hiyo usoni mwake kama vile alivyoona mishono mibovu. Akaifungia kwenye pindo la kitambaa alichovaa kichwani, akakaza fundo.

"Utaifanya nini, dada?"

"Hilo si lako kuuliza tena. Nenda."

Habari ilitembea mji wa Wanubi kabla ya mwezi kuandama: Kibuli, Bombo, Mulago. Harusi za ukumbini Halimah aliendelea kuitwa, tena zaidi, maana wanaume waliokuwapo kwenye karamu ile walimtaka "yule mwenye kamera iliyompiga Lailah." Nasur mwenyewe alimletea wateja wawili, na akajiona ametenda wema. Lakini milango ya vyumba vya alasiri ilifungwa, na yeye akiwa nje barazani pamoja na wanaume, akisikia doluka kwa ndani. Alikaa barazani na chombo bora kuliko vyote mjini, betri zimejaa. Wanaume walimwonea heshima, wakamletea kiti, wakamwuliza inagharimu kiasi gani.

Alimwomba Ocaya radhi. Ocaya alisema, "Ya kabila nimekusamehe. Ya elimu bado nayachambua, maana yalikuwa kweli." Wakaizima ile hali ya kadi mbili kwa kazi zote zenye wanawake, wakijua kwamba kadi ikifa harusi itakufa nayo. Kazi zenyewe hazikuja. Ocaya alimwonyesha pia kwamba kamera inaweza kuwekewa mlio, *kacha* ya kurekodiwa ndani ya mashine. Halimah aliusikiliza mara moja. Ulikuwa ni mlio wa kamera nyingine. Akauzima akaondoka bila kuaga.

Kisha simu ya Lailah ikaja, bila salamu. "Faridah wa Kibuli amejifungua. Alasiri ya Ijumaa tunampa mtoto jina. Njoo."

"Nije na..."

"Uje na mikono yako."

Alikwenda. Simu yake aliitia mwenyewe kwenye ungo. Ndani ubani ulikuwa umekwisha tanda, na wanawake walimpisha nafasi bila kumtazama sana, kama mtu anayepishwa kwa kuwa tu ni wa kwao. Hakuna aliyemwuliza habari za mkoba wake. Alipiga makofi pamoja nao, akikosea zamu, kwani muda wote huo alikuwa amezisikia nyimbo zile kwa jicho moja tu.

Lailah aliketi upande wa pili wa chumba. Doluka ilipopanda, alisimama bila kuimbwa, akaja mpaka mbele ya Halimah, karibu mno, akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimeanza kurudi, laini, za kijivu, kama ukungu wa asubuhi juu ya shamba. Kwenye pindo la kitambaa kile fundo dogo la kadi lilikuwa bado limekazwa. Alikitupa, si kwa Halimah, kwa mwingine, akacheza pale pale akimtazama usoni, jicho moja limefumbwa na jingine wazi. Jua liliingia kwa dirisha vile vile. Moshi uligawanyika vile vile, hata zaidi.

Halimah aliona kila kitu: mahali pa kusimama, kiasi cha giza la kuacha, sekunde yenyewe inakuja, imefika, inapita. Kidole chake cha kulia kilijikunja chenyewe hewani. Lailah alikiona, akatabasamu bila huruma yoyote, akageuka azungushe duara, akarudi tena mbele yake amwonyeshe upya. Halimah alijaa hasira ambayo hakuwa tena na mtu wa kumpa. Aliuweka mkono ule juu ya mwenzake, akapiga makofi, akaendelea kutazama mpaka ngoma ilipokwisha.